Kiganja Kimoja cha Uwele

Jumapili, 17 Novemba

Daftari hili lilibaki nilipostaafu ualimu, na kwa kuwa sina tena watoto wa kuwasahihisha, nimeona nijisahihishe mwenyewe. Nitaandika msimu wote wa mvua. Mwanangu Abeli, mwenye duka Chang'ombe ya Dodoma mjini, alicheka aliposikia. Alisema mama utachoka kabla ya Krismasi. Hanijui.

Nianze na baba mkwe wangu, maana hapa nyumbani kila jambo huanza na yeye. Mzee Ndahani anakaribia miaka tisini, hesabu kamili anaijua mwenyewe. Anaishi katika tembe yake ya udongo, hatua ishirini kutoka nyumba yangu ya bati, na amekataa katakata kuhamia kwangu tangu mwanawe Daudi, mume wangu, alipofariki miaka sita iliyopita. Yeye ndiye mwenye kazi ya mvua katika kijiji hiki cha juu ya Msalato, kama baba yake na babu yake. Kabla ya kupanda watu humletea mbegu, naye huzinyunyizia maji ya dawa kutoka katika bakuli lake la mti ili jua lisiziue. Kila mmoja huacha kiganja kimoja cha mbegu hizo katika kibuyu chake, kuwa heshima yake. Mvua ikigoma kabisa, huchinjwa kondoo mweusi. Huyo kondoo amefungwa nyuma ya tembe sasa hivi, ananenepa kwa pumba zangu.

Mimi ni mwenyekiti wa akina mama kanisani. Nimemwombea mzee huyu miaka ishirini na tisa, tangu niolewe. Nimemhubiria, nimemnunia, nimemwekea dirishani redio ya mahubiri. Yuko palepale. Kifua chake sasa kinakoroma na mimi naogopa, sitaki afe hivyo. Kwa hiyo naandika hapa ombi langu la msimu huu, ni moja tu: Mzee Ndahani aokoke.

Mbegu zangu hazijawahi kugusa bakuli lake. Kijiji kizima kinajua hilo, kwa kuwa nimehakikisha kinajua.

Jumamosi, 23 Novemba

Leo ilikuwa siku ya mbegu. Kuanzia alfajiri watu walipanga foleni mbele ya tembe na ndoo zao na vitambaa vyao. Mimi nilifagia uwanja kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Nikamwona Elieth, mwenzangu wa kwaya, akija kwa njia ya nyuma, ameficha bakuli ndani ya khanga.

Alhamisi, 28 Novemba

Kwenye kikao cha akina mama nilisema juu ya wale wanaomwimbia Kristo Jumapili na kuinama kwenye matembe Jumamosi. Sikutaja jina. Nilimtazama Elieth tu. Alilia mpaka kikao kikafungwa. Nilirudi nyumbani nikiwa na amani kubwa, nikala ugali wote.

Jumapili, 8 Desemba

Mvua. Kubwa, ya radi. Hatukusikia mahubiri kwa sababu ya bati.

Jumatatu, 9 Desemba

Nimepanda uwele shamba lote la chini, na karanga pembeni.

Jumamosi, 14 Desemba

Umeota.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi. Abeli kaja na mchele na soda. Mzee amekula pilau sahani mbili, wimbo akakataa.

Ijumaa, 3 Januari

Tangu mkesha wa Krismasi halijadondoka tone. Majani yameanza kujikunja saa nne asubuhi.

Jumapili, 12 Januari

Jumapili iliyopita Mchungaji Kefa alitangaza siku tatu za kufunga na kuomba. Kefa nilimfundisha kusoma mimi mwenyewe, darasa la kwanza B, na mpaka leo akinisalimia shikamoo huweka mikono nyuma. Nimefunga siku zote tatu bila maji. Elieth alikunywa uji siku ya pili, nimekiona chungu chake.

Ijumaa, 17 Januari

Leo mvua imenyesha. Imenyesha ng'ambo ya korongo, kwenye mashamba ya kina Elieth, kama nusu saa. Nilisimama mpakani nikaona maji yakitembea kwenye matuta yake huku miguu yangu iko kwenye vumbi. Uwele wangu umekauka wote, ukiushika unavunjika mkononi.

Mtu anaweza kuijua mvua ya Dodoma maisha yake yote na bado ikamtukana. Nilimuuliza Mungu kwa sauti, pale pale mpakani, ni nani aliyefunga siku tatu na ni nani aliyekunywa uji.

Jumatatu, 20 Januari

Manyunyu kidogo jana jioni. Leo nimepanda tena.

Alhamisi, 23 Januari

Juzi niliandika mstari mmoja. Haukuwa uongo, lakini haukuwa kweli yote, na nikikuta mtoto kaandika hivyo nilikuwa namrudishia daftari.

Ilikuwa hivi. Asubuhi ya Jumatatu nilimpelekea mzee uji. Alikuwa amelala kitandani kwake, nikadhani amesinzia. Kibuyu cha mbegu kilikuwa pale karibu na mlango, wazi. Debe langu la mbegu nilikuwa nimeliacha nje. Nilifikiri juu ya matuta ya Elieth. Nilifikiri kwamba ni mbegu tu, kwamba Mungu anajua moyo wangu, kwamba kiganja kimoja si kitu. Nikaingiza mkono. Nikatoa kiganja kimoja cha uwele wake, nikachanganya na wangu, nikakoroga kwa mkono mpaka nisiweze kuzitofautisha mwenyewe. Kisha nikaenda nikapanda, na nilipokuwa napanda niliimba, ili mtu akipita asikie nyimbo za Yesu.

Nyani haoni kundule. Nimeitumia methali hiyo kwa watu wengi.

Jumanne, 28 Januari

Umeota. Umeota vizuri kuliko wa kwanza, mistari imenyooka, kijani kibichi. Nimekaa kwenye tuta nikashindwa hata kuomba. Nikimshukuru Yesu namdanganya. Nikimshukuru baba mkwe nimemkana Yesu. Mshika mawili moja humponyoka, nami naona yameniponyoka yote.

Jumapili, 2 Februari

Siku mbaya. Nitaandika yote.

Habari za shamba langu zilifika kanisani kabla yangu. Mchungaji Kefa, kwa nia njema kabisa, aliniita mbele nishuhudie jinsi Bwana anavyowalinda wasiochanganya mambo. Nilisimama. Nilisema Mungu ni mwaminifu. Akina mama wakapiga vigelegele, na Elieth akapiga pia, kichwa kimeinama. Nikaketi.

Nilipofika nyumbani mzee alikuwa amekaa nje ya tembe, anamlisha kondoo wake. Akaniita, akaniambia nikae kwenye kigoda. Tangu niolewe hajawahi kuniambia nikae kwenye kigoda chake.

"Mama Abeli, macho yangu mabovu," akasema, "lakini mkono unaoingia kwenye kibuyu changu nauona. Nikuulize. Huyo Yesu alipungukiwa nini hata ukaja kuazima kwangu?"

Mwalimu wa miaka thelathini na mbili, nikainamisha kichwa kama mtoto asiyefanya kazi ya nyumbani.

Kisha akaniambia jambo ambalo sikulijua. Daudi alipokuwa amelala anaumwa, mzee alichukua dawa yote ya mvua, hata mizizi aliyoachiwa na baba yake, akamchemshia mwanawe. Alikuwa anampa usiku, mimi nikisinzia. Daudi akafa. Tangu mwaka huo bakuli lile halina kitu ndani yake. Analijaza maji kwenye bomba letu, lile lililo karibu na choo. Misimu sita amewanyunyizia watu maji ya bomba. Alitaka kuwaambia, ila wanamjia na hofu zao, naye hakujua awaelekeze wapi.

"Nilikuwa nakutazama wewe," akasema. "Nilisema mwanamke huyu mdomo wake mkali, lakini ana mahali pa kuegemea. Siku nikifika mwisho kabisa nitamwuliza ni wapi. Halafu nikaona mkono wako. Basi sote wawili tunanyunyiza maji ya bomba."

Akaingia ndani polepole, akirudisha mlango nyuma yake. Nimelia mpaka sasa. Miaka ishirini na tisa nimemwombea aamini, na yeye miaka sita alikuwa anasubiri kuuliza, na mimi nimeufunga mlango kwa kiganja kimoja.

Jumatano, 5 Februari

Mzee analeta sahani mwenyewe ili nisiende kuichukua.

Jumamosi, 8 Februari

Nimeandika maneno ya kesho kwenye karatasi. Nimechana. Nimeandika tena.

Jumapili, 9 Februari

Niliomba nafasi kabla ya meza ya Bwana. Karatasi sikuitumia. Nilisema nilichokifanya, kuanzia kibuyu mpaka ushuhuda wa uongo. Nikasema nilimliza Elieth kwa jambo lile lile, tena yeye alikwenda kwa hofu ya watoto wake, na mimi nilikwenda kwa wivu wa matuta yake. Nikasema naweka chini uenyekiti na naomba nitengwe na meza kwa muda watakaoona unafaa. Nikasikia kuku wanaparua nje.

Wa kwanza kusimama alikuwa Elieth. Alikuja mbele akanishika mkono, mkono ule ule. Kisha Mchungaji Kefa akashuka, macho yamejaa, mikono nyuma kama yuko darasa la kwanza B.

"Mwalimu," akasema, "unataka tukutoze nini ambacho Kristo hakulipa? Wewe ndiye wa kwanza leo. Njoo mezani."

Nikaenda. Nimekula mkate huo tangu ujana, na leo ndipo nimejua nilikuwa naula kama mshahara. Mbegu zangu safi, funga yangu ya siku tatu, foleni nisiyopanga: hizo ndizo zilikuwa bakuli langu. Nilimhubiria mzee Yesu anayefanana na mimi, mwenye fimbo na kalamu nyekundu. Si ajabu hakumtaka. Huyu wa leo simjui vizuri bado, lakini ni wangu na mimi ni wake, na sikutoa kitu. Nimerudi nyumbani nikicheka njiani peke yangu.

Mzee alikuwa ananingoja. Kwa desturi ya wazee hapa aliyevunja mwiko hutozwa, na habari zilikuwa zimeshafika.

"Wamekutoza nini?" akauliza.

"Hakuna, baba."

"Mbuzi?"

"Hakuna."

"Hata kuku?"

"Hata yai."

Akatikisa kichwa. Akasema mtemi anayesamehe bure hatadumu. Nikamwambia huyu alishauawa na bado anatawala. Akanitazama sana, kisha akaomba chai.

Jumamosi, 15 Februari

Hakuna mvua. Uwele umeanza rangi ya njano. Nilikuwa napalilia nikiimba, na safari hii sikuwa namwimbia mpita njia. Mzee alikuja mpaka shambani na fimbo yake, akasimama, akauliza naimba nini wakati shamba linakufa.

Nilimwambia kweli. Nilimwambia nataka mvua, naililia kila asubuhi, lakini Yesu ni Bwana inyeshe isinyeshe. Nilikuwa nimemfanya Yesu kuwa bakuli kubwa kuliko la mzee, basi. Sasa nimegundua yeye ndiye mwenye shamba, mwenye mawingu, na mwenye mimi.

Akakaa kwenye tuta. Akaniomba nimsimulie tena ile habari ya mwizi aliyesulubiwa pembeni mwa Yesu, aliyowahi kuisikia kwenye redio yangu ya dirishani. Kumbe alikuwa anasikiliza. Nikamsimulia. Akauliza, "Yule mwizi alileta nini?" Nikasema hakuleta kitu, hata mikono yake ilikuwa imepigiliwa misumari.

Alhamisi, 20 Februari

Kauliza tena habari za mwizi. Mara ya nne.

Jumatano, 26 Februari

Mvua. Ilianza saa nane mchana na sasa ni saa kumi na mbili, bado inanyesha.

Paa la tembe lilianza kuvuja baada ya nusu saa. Nikamwona mzee anatoka, blanketi kichwani, anavuka uwanja. Hatua ishirini, baada ya miaka sita. Akaingia sebuleni kwangu, akakaa kwenye kochi la Daudi, maji yakimchuruzika. Nilitamani kusema tazama, Bwana amejibu. Ulimi niliuuma, kwa kuwa Bwana alikuwa ameshanijibu siku ya mezani, kabla ya tone la kwanza.

Bati lilikuwa linapiga kelele, ikabidi asogee karibu.

"Mama Abeli, mimi sina dawa. Watu nimewadanganya. Mwanangu sikumponya. Mwisho wenyewe nimefika. Anaweza kunichukua hivi hivi?"

"Hivi hivi, baba."

"Mwambie basi."

"Mwambie mwenyewe, baba. Kigogo chetu anakisikia."

Akavua blanketi. Akasema kwa Kigogo, maneno machache, kama mtu anavyozungumza na mwenyeji baada ya kubisha hodi. Sikuyaandika, ni yake. Alipomaliza akaanza kulia, halafu akaanza kucheka, na mimi nikawa nalia na kucheka pamoja naye, na Elieth aliyekuja kukinga maji alitukuta hivyo akadhani kuna msiba.

Hakuna msiba. Yesu ameshinda. Ameshinda katika nyumba hii, mchana kweupe, kwa watu wawili wadanganyifu. Naandika kwa herufi kubwa, liwe kosa la mwandiko, sijali: YESU NI BWANA.

Jumamosi, 8 Machi

Mzee aliita watu uwanjani, wale wote wa foleni. Nilimsihi amngoje mchungaji. Akasema uongo aliusema peke yake, na kweli ataisema peke yake.

Aliwaambia yote, mpaka bomba lililo karibu na choo. Wengine walicheka, wengine walitema mate wakaondoka. Mzee Lungwa, rika lake, alipandwa na hasira, akadai atozwe ng'ombe kwa kukidanganya kijiji misimu sita. Baba mkwe alisimama na fimbo yake, kifua kinakoroma, sijawahi kumwona mrefu vile.

"Nisameheni," akasema. "Mwenye mvua ni mwingine, anaitwa Yesu. Mimi nilikuwa mlangoni pake, napokea shukrani zake nazitia kwenye kibuyu changu."

Mzee Lungwa aliondoka bila kuaga. Urafiki wa miaka sabini. Baba mkwe alimtazama mpaka akapotea, akaumia, nikaona. Jioni akaliweka bakuli chini ya bomba. Sasa kuku wanakunywea maji.

Jumanne, 18 Machi

Mafundisho ya ubatizo. Anasahau amri, anakumbuka mwizi.

Ijumaa, 4 Aprili

Ubishi wa jina. Mchungaji alipendekeza Simeoni au Petro. Mzee akauliza kama Yesu alimwita siku ile ya mvua kwa jina la Simeoni. Anabaki Ndahani.

Jumamosi, 12 Aprili

Uwele umefunga masuke. Si shamba lote, upande wa chini tu. Unatosha.

Jumapili, 20 Aprili. Pasaka

Kanisa lilijaa mpaka nje. Abeli alikuja na mkewe kutoka mjini. Tulikuwa tumeimba wimbo wa pili nilipoona vichwa vinageuka mlangoni. Mzee Ndahani alikuwa anaingia, kanzu nyeupe ya Abeli inaburuzika chini, na mkononi kamba. Mwisho wa kamba, kondoo mweusi.

Nikawaza, hajaelewa. Baada ya yote haya amekuja kulipa.

Mchungaji Kefa alishuka haraka, akamwambia kwa upole kwamba hapa wokovu haununuliwi, kondoo hahitajiki. Mzee akamtazama kama anavyomtazama mtu aliyechelewa shamba.

"Nani amekwambia namnunua? Kwa Yesu nimekuja mikono mitupu kama mwizi. Huyu ni kitoweo. Nimeita wageni, watakula nini?"

Kanisa zima likacheka, na kicheko kikageuka vigelegele, na mtu akaanza ngoma. Kondoo akafungwa kwenye mti wa uzio. Mzee akapiga magoti, tukamshika mimi na Abeli huku na huku, na maji yakamwagika juu ya kichwa chake cha mvi mara tatu. Aliposimama aligeukia watu, maji yanatiririka kwenye kanzu, akatusalimia sote, "Mbukwenyi," kama mtu aliyefika kwao.

Kondoo aliyefugwa kwa hofu tumemla kwa wali, uwanjani pa tembe. Elieth alipika, mimi nilipakua, wala sikumsahihisha. Tulipokuwa katikati ya kula, Mzee Lungwa akatokea kwa njia ya nyuma. Alisimama mbali kidogo, kofia mkononi. Alisema amesikia kuna shughuli. Aliuliza mchango ni kiasi gani.

Baba mkwe akasogea kwenye mkeka, akampisha nafasi, akamwekea sahani yake mwenyewe.

"Kaa ule," akasema. "Mchango alishatoa Mwenyewe."